Asili ya Ukali wa Asidi

Sote twajua ukali wa ndimu na siki, na utelezi wa maji ya majivu. Vitu vya namna ya kwanza huitwa asidi. Vya namna ya pili huitwa alikali, jina litokalo katika neno la Kiarabu la majivu ya mimea.

Mwaka 1664 Robert Boyle alieleza kitabuni kwamba sharubati ya maua ya urujuani ikitiwa asidi huwa nyekundu. Ikitiwa alikali huwa kijani. Hivyo watu waliweza kuzipambanua bila kuzionja. Lakini ukali watoka wapi?

Lavoisier wa Ufaransa alisema kuwa watoka katika oksijeni, akaipa jina hilo kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya “mzaa ukali.” Alikuwa mtaalamu mkuu, na wengi wakamsadiki. Hata mwaka 1810 Humphry Davy, huko London, akaonyesha kwamba asidi itengenezwayo kwa chumvi, ijapokuwa ni kali mno, haina oksijeni kamwe. Ina haidrojeni na klorini tu.

Baadaye Svante Arrhenius wa Uswidi, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1903, alifundisha kwamba asidi ikiwa majini hutoa chembe za haidrojeni zenye umeme. Zikikutana na chembe za alikali huwa maji, na ukali hutulia.

Jina la oksijeni limebaki, ingawa maana yake ilikosea. Basi na tuwaheshimu wataalamu, lakini hakimu wa maneno yao ni jaribio.