Jiwe na Jina: Kumbukumbu za Wafu Katika Nchi ya Uluguru

Kuwakumbuka wafu ni sehemu ya utamaduni wa kila taifa, ila njia za kukumbuka hutofautiana. Huko pwani wazee wetu walijenga makaburi ya mawe yenye nguzo, kama yale ya Kaole na Kunduchi, na baadhi wakayapamba kwa vyombo vya kaure kutoka China. Gedi, nchini Kenya, liko kaburi lililochorwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Hapo jiwe ndilo msemaji.

Milimani Uluguru mambo ni mengine. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mlango wa ukoo wao huitwa tombo, maana yake titi. Mkuu wa mlango anapofariki, mrithi wake hukabidhiwa ardhi, tambiko na jina la mwasisi. Kwa hiyo Kingalu wa Kinole, aliyesifika kwa kuleta mvua, si mtu mmoja, bali ni wengi waliofuatana. Jina lake halikuhitaji jiwe, maana lilikaa ndani ya mtu aliye hai.

Sasa tutazame Mazimbu, kando ya mji wa Morogoro. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge. Wakajenga hapo chuo, wakakipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa kikaburu tarehe 6 Aprili 1979. Chuo kilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Makaburi ya waliofia hapa yamebaki. Wengi wa wakimbizi hao waliishi kwa majina ya kubuni, ili jamaa zao nyumbani wasidhuriwe. Mtu wa namna hiyo akifia ugenini, nani atalirithi jina lake? Hapakuwa na mjomba wala mpwa wa kulipokea. Jiwe likawa ukoo wake.

Hata hivyo, jiwe nalo huliwa na mvua, na wazee wajuao orodha za majina hupungua. Hivyo twawasihi walimu wawaongoze wanafunzi kunakili maandishi ya makaburini, na pia kuwauliza wazee wa milimani nani alimrithi nani. Jiwe laweza kulitunza jina. Kulitamka ni kazi yetu sisi tulio hai.