Ule mwaka uliokaa nyumbani, uandike

Kuna swali kwenye fomu za leseni linalowanyima watu usingizi kuliko mtihani wenyewe. Unajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, chuo, mwaka ulioanza, mwaka uliomaliza. Halafu mtu upande wa pili wa meza anapiga hesabu. Kozi ya miaka sita imekuchukua minane. Hii miwili ulikuwa wapi?

Nimeulizwa hili na dada mmoja wa kwetu Pate, upande wa Kizingitini. Anasomea udaktari ng'ambo. Katikati karo ilikata, akarudi nyumbani mwaka mzima, kisha akaenda kuendelea alipoachia. Sasa anakaribia kumaliza, na anajua akirudi Kenya kuna baraza la madaktari, kuna mtihani wa waliosomea nje, na baadaye kuna kipindi cha uanagenzi hospitalini. Wenzake wanamwambia, wewe unganisha tarehe tu, nani atajua? Yeye anaogopa kwamba akiandika ukweli ataonekana mzembe.

Mimi si wakili. Na niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo pengo langu ni kubwa kuliko lake, tena bado linaendelea. Lakini historia ndiyo kazi yangu hapa, na hili swali ni la zamani kuliko Kenya yenyewe. Twendeni Baghdad kwanza, kisha tutarudi Pate.

Mwaka ni 931. Khalifa ni al-Muqtadir. Habari inamfikia kwamba mgonjwa mmoja mjini amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa anamwamuru muhtasibu, yaani yule mkaguzi wa sokoni anayehakikisha mizani ni sawa na wauzaji hawadanganyi, asimwache mtu yeyote atibu mpaka apimwe na Sinan bin Thabit, mkubwa wa matabibu. Waliokuja kupimwa walizidi 860, bila kuhesabu mabingwa ambao tayari walijulikana na wale waliomhudumia khalifa mwenyewe. Kwenye historia ya tiba, huu ni mmoja wa mitihani ya leseni ya kale kabisa tunayoijua.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe. Kimesimuliwa na waandishi wa zamani wa habari za matabibu, akiwemo Ibn al-Qifti.

Siku moja akaingia mzee, nguo safi, haiba kamili, wa kumsimamia ukimwona. Sinan akamheshimu, akamkalisha, akawa anamuuliza maoni yake huku wengine wakipimwa. Walipobaki wachache akamgeukia: sheikh, tunataka na sisi tufaidike nawe, hebu tuambie umesoma kwa nani. Mzee akatoa karatasi yenye dinari za dhahabu, akaiweka mbele ya Sinan. Akasema wazi kwamba hajui kusoma vizuri wala kuandika, na hajasoma kitu. Ila ana familia, na riziki yake ndiyo hii. Akaomba asikatiwe.

Sinan akacheka. Akamruhusu aendelee, kwa masharti: asimvamie mgonjwa kwa jambo asilolijua, na asimpige mtu chuku wala kumpa dawa kali ya kuendesha tumbo isipokuwa kwa ugonjwa mwepesi. Mzee akajibu kwamba huo ndio mwendo wake tangu zamani, hajawahi kuvuka siki ya asali na sharbati.

Kesho yake akaingia kijana, naye kapendeza. Umesoma kwa nani? Kwa babangu. Babako ni nani? Ni yule sheikh aliyekuwa hapa jana. Sinan akamsifu mzee, akamuuliza kijana kama anafuata njia ile ile ya babake. Akasema ndio. Basi usiivuke, akaambiwa.

Watu hukisimulia hiki kisa kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Na ndio, kulikuwa na dhahabu mezani, tusijifanye hatukuiona. Lakini tazameni kazi ambayo ule ukweli ulifanya. Kwa sababu mzee alisema "sijasoma", Sinan aliweza kuchora mpaka: hapa tibu, hapa usiguse. Angedanganya kwamba alisoma kwa bingwa fulani wa Basra, angeruhusiwa kupiga chuku kila aina ya mgonjwa, na khalifa angeletewa maiti mwingine.

Pate inaingia wapi? Inaingia kwa sababu elimu ya kwetu ilijengwa juu ya swali lile lile la Sinan. Umesoma kwa nani?

Mtu akitaja Siyu leo watu wanafikiria ngome tu na picha za kupiga machweo. Karne ya 19 Siyu ilikuwa mji wa maulamaa na wanakili wa misahafu, na ile misahafu ya Siyu inatambulika mpaka sasa kwa nakshi zake. Mwanachuoni wa mji kama ule hakuwa na cheti cha kutundika ukutani. Alikuwa na ijaza. Na ijaza si karatasi inayosema "huyu amefaulu". Ni ruhusa yenye njia ndani yake: kitabu hiki nilikisoma kwa fulani, naye kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa aliyekitunga. Ukiisoma unaona safari nzima ya ile elimu, na kama kuna mahali imekatika utapaona.

Waliokaa madrasa wanajua kwamba wanazuoni wa hadithi walikuwa na majina kwa kila aina ya pengo. Mnyororo ukikatika katikati, hadithi ile inaitwa munqatii. Ni dhaifu, inawekwa pembeni, lakini aliyeipokea hivyo na kuisema hivyo hakuvunjiwa heshima. Kulikuwa na jina lingine kwa mtu anayeficha lile pengo, anayesimulia kana kwamba amesikia kwa mtu ambaye kwa kweli hakumsikia: tadlisi. Shu'ba bin al-Hajjaj, mmoja wa wakali wa karne ya 8, aliita tadlisi ndugu wa uongo.

Mniwekee hapo kidogo, manake mimi naona ndio moyo wa jambo lote. Wale wazee waliona makosa mawili tofauti wakayapa majina mawili. Pengo linapunguza nguvu ya unachosema. Kuficha pengo kunaharibu jina lako wewe, hata pale unaposema kweli.

Wakoloni walikuja na mfumo wao. Uingereza ilikuwa imeanzisha sajili ya madaktari kwa sheria ya 1858, na wazo lile likasafiri na meli mpaka huku. Kwenye daftari upo au haupo. Na hapa historia inakuwa chungu, kwa sababu kuna Waafrika waliosoma bila kuruka hata muhula mmoja, na bado wakaambiwa wana pungufu. Makerere ilianza kufundisha utabibu Mulago miaka ya 1920. Vijana walisoma miaka na miaka, wakatoka na diploma ambayo Uingereza haikuitambua kikamilifu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwenye ajira waliitwa wasaidizi. Daktari mzungu aliyekuja juzi alikuwa bosi, na Mwafrika aliyewahudumia wagonjwa wale miaka kumi alikuwa "msaidizi".

Mchukueni Hastings Banda, huyu aliyekuja kuwa rais wa Malawi. Alimaliza udaktari Marekani, chuo cha Meharry kule Tennessee, mwaka 1937. Alitaka kufanya kazi kwenye himaya ya Waingereza, na shahada ya Marekani haikutosha. Akaenda Edinburgh, akakaa darasani upya, akapata leseni ya kule 1941. Daktari kamili upande mmoja wa bahari, mwanafunzi upande wa pili. Kwa hivyo ninapowaambia watu waandike mapengo yao, sisemi kwamba anayesoma fomu ni malaika. Mara nyingine pengo analiweka yeye.

Lakini kisa kinachonikaa kichwani zaidi ni cha majirani zetu, na si cha zamani hata.

Aprili 2017, Tanzania. Rais Magufuli anapokea Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliokutwa na vyeti vya kughushi ni 9,932. Halafu kuna vyeti 1,538 ambavyo vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076, yaani cheti kimoja, watu wawili, jina moja. Walimu walikuwemo na watu wa afya walikuwemo. Wakaondolewa, na kuna sehemu wagonjwa walifika zahanati wakakuta hakuna wa kuwapokea.

Wengine katika hao walikuwa wamefanya kazi miaka mingi. Fikiria mtu amezalisha wanawake wa kijiji kizima kwa jina la dadake aliyefaulu kidato cha nne. Anaitwa kazini kwa jina ambalo si lake, anazeeka nalo. Wallahi nina huruma, lakini siwezi kusema ilikuwa sawa.

Sasa ngojeni. Kwenye ule usafi waliondolewa pia watu wa darasa la saba, watu ambao hawakuwa na cheti chochote cha kidato cha nne, cha kweli wala cha feki. Serikali ilikuwa imeweka kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha kuajiriwa kuanzia tarehe 20 Mei 2004. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2018, serikali ikageuka: walioajiriwa kabla ya tarehe ile wakiwa na darasa la saba, warudi kazini. Wasiorudi ni waliokuwa wamepeleka vyeti vya kughushi au kudanganya kwenye kumbukumbu zao kwamba wana kidato cha nne.

Mmeona? Watu wawili, elimu sawa, darasa la saba wote. Mmoja aliandika "darasa la saba" kwenye faili, mwingine akaandika "kidato cha nne". Wa kwanza akarudi, wa pili akabaki nje. Mwaka 2022 Rais Samia aliruhusu wa vyeti feki warudishiwe michango yao ya pensheni, ile waliyokatwa kwenye mshahara, lakini kazi hapana. Serikali ilizunguka ikafika pale pale walipokuwa wanazuoni wa hadithi.

Kenya nasi tusicheke. Ripoti ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2024 ilihesabu vyeti feki zaidi ya 2,000 serikalini.

Na kwa kizazi chetu pengo si jambo la ajabu tena. Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, na wengi wakakaa nje mpaka Januari 2021. Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma 2017, wakagoma tena 2018. Madaktari wakagoma 2024, na mojawapo ya mambo yaliyowagombanisha na serikali ni hao hao wanagenzi na malipo yao. Kuna watu wamemaliza masomo wakakaa nyumbani wakisubiri kupangiwa hospitali. Baraza likianza kuona kila tarehe isiyoungana kama doa, litakuwa limekataa nusu ya darasa, na nusu iliyobaki itajifunza kuunganisha tarehe. Hapo ndipo mnapozalisha tadlisi. Hili nawaambia wanaosoma hizo fomu pia, kama wapo wanaonisoma.

Kwa nini nalichukulia hili kibinafsi? Kwa sababu ya maji. Hospitali iko Faza, zahanati ziko vijijini, na jambo likiwa kubwa unapelekwa King Fahd, Lamu mjini. Kutoka Mtangawanda mpaka Lamu ni boti, na Mkanda unapita kwa maji, si kwa saa yako. Mama amekaa na uchungu tangu usiku. Aliye zamu, awe daktari au kliniko ofisa, sisi sote tunamwita daktari tu. Anachohitaji usiku ule ni kusema mapema "hili limenizidi, pelekeni Lamu", kabla maji hayajatoka. Mimi siamini kwamba mtu aliyezoea kuziba mapengo kwenye karatasi atapata ghafla ulimi wa kusema hivyo saa tisa usiku, mbele ya mume na mama mkwe. Mzee wa Baghdad angesema, naye hajui hata kusoma.

Basi dada yangu wa Kizingitini, hivi ndivyo nilivyomjibu. Andika mwezi uliosimama na mwezi uliorudi. Sababu iwe sentensi moja, karo, usilie. Ambatisha barua ya chuo inayosema uliruhusiwa kusimama na ukapokelewa tena, na kama hawakukupa, iombe sasa ukiwa bado uko kule, manake kuifuatilia ukiwa Pate ni adhabu. Tarehe za fomu, za barua na za matokeo ziwe zinasema kitu kimoja. Usijaze ule mwaka kwa kazi ya kujitolea ambayo hukuifanya. Na wakikuuliza ana kwa ana, jibu kwa maneno yale yale uliyoandika.

Sajili ya madaktari wa Kenya iko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaweza kutafuta jina la daktari wake kwa simu akiwa gatini anasubiri boti. Ule mwaka wa karo hatauona pale, utakuwa kwenye faili, na barua yako iko juu yake.