Kabla ya Kashata

Anayetafuta matairi ya A/T (all-terrain, ya njia za kila aina) kwa gari la 4x4 linalovuta tela huanza na kashata, yaani meno ya uso wa tairi. Hupenyeza kidole kati ya meno ya mpira, hupima kina, huuliza kama yatapita kwenye tope. Muuzaji naye hulisimamisha tairi uso ukimwelekea mteja, kwa kuwa uso ndio unaouza. Ubavuni, kwa herufi ndogo zilizokwishashika vumbi la duka, pameandikwa jambo zito zaidi: tairi linabeba kilo ngapi, na kwa upepo kiasi gani. Historia ya magari ya kukokota mzigo nje ya lami, ukiifuata tangu chimbuko lake, iko upande wa ubavu. Hatua kubwa zilipigwa ndani ya tairi, katika mpira, upepo na nyuzi. Kashata zilifuata nyuma kukamilisha kazi.

Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, miaka 43 kabla ya John Boyd Dunlop kulibuni upya mjini Belfast. Wazo lake lilisahaulika, ila mwaka 1867 alirudi na lingine: mpira mzima, mnene kupita sentimita 10, uliovikwa kwenye magurudumu ya gari la mvuke la kukokotea mabehewa barabarani. Kabla ya hapo magurudumu ya chuma yalipigiliwa meno ili yashike njia. Yalichimbua barabara, na kwenye ardhi laini yalizama. Mpira wa Thomson haukuwa na jino hata moja. Ulipokanyaga penye ulaini ulitandaa, uzito ukagawanyika juu ya eneo kubwa, na gari likapita. Katika miaka ya 1870 afisa wa Kiingereza R. E. B. Crompton aliyatumia magari hayo India kukokota misafara ya mizigo. Ni kweli kwamba mpira mtupu uliteleza penye maji, na baadhi ya magurudumu yalizungushiwa vipande vya chuma kama mnyororo. Lakini angalia mpangilio: kwanza kilitafutwa kitu cha kutandaza uzito, kisha kitu cha kung'ata ardhi.

Mpangilio huo ulijirudia mashambani Marekani. Mtetezi wa kashata atasema trekta ndilo ushahidi wake, maana hakuna tairi lenye meno makubwa kama lile. Basi tulitazame trekta. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Allis-Chalmers, jimboni Wisconsin, ilitaka kuachana na magurudumu ya chuma. Majaribio yaliyofungua njia yalifanywa kwa matairi ya ndege ya Firestone, yaliyojazwa upepo wa paundi kama 15 tu kwa inchi ya mraba. Tairi la ndege limeundwa kwa kutua, halikuundwa kwa kulima, na halina meno ya kuchimbua udongo. Hata hivyo trekta lilivuta, kwa sababu upepo mdogo ulilaza mpira chini na kuuongezea eneo la kugusa ardhi. Mwaka 1932 matairi ya upepo yaliingia sokoni pamoja na trekta la Model U. Yale meno marefu ya mshazari tunayoyajua leo yaliboreshwa baadaye, juu ya msingi uliokwisha kusimama.

Jangwani ushahidi ni mkavu zaidi. Citroën ilipovuka Sahara, kuanzia Desemba 1922 hadi Januari 1923, haikuyaamini magurudumu ya nyuma. Iliyaondoa na kuweka minyororo ya mpira. Kwa magari ya aina hiyo msafara wake uliofuata ulifika Kampala mwaka 1925, ukagawanyika, na makundi mawili yakateremka hadi Mombasa na Dar es Salaam. Miaka michache baadaye Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza, aliingia kwenye matuta ya mchanga ya Jangwa la Libya na magari ya kawaida ya Ford, yakiendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma. Alipunguza upepo, akabeba mabati ya kutandika chini ya magurudumu yaliyozama, akapita. Mchanga hauna cha kung'atwa. Jino refu likizunguka pale huchimba shimo la kulizamisha gari lenyewe.

Udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika ni habari nyingine, na sitaki kuupuuza. Pale tairi lisipokuwa na nafasi kati ya kashata, tope hujaa, uso unakuwa laini kama kipara, na gari haliendi hata upepo ukiwa sahihi. Anayeishi na njia hizo miezi mitatu kila mwaka ana haki ya kudai meno. Ila gari lenye tela hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye lami na changarawe ngumu, ambako meno marefu huyumba chini ya mzigo na kuongeza joto. Tairi la A/T lilizaliwa kutokana na mvutano huo. Michelin ilipata hataza ya tairi la rediali, ambalo nyuzi zake hukatiza wima kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mwaka 1946, lakini kwa miaka mingi watu wa porini walibaki na matairi ya nyuzi za mshazari, yenye mbavu nene za kuhimili miiba na mawe. Mwaka 1976 BFGoodrich ilitoa tairi la rediali la A/T, na mchango wake kwa anayevuta tela ulikuwa kuziweka nyuzi za rediali, zinazotunza joto lisipande, chini ya kashata za wastani.

Sasa tusome huo ubavu. Tairi la saizi 265/75R16 la kawaida lenye namba ya mzigo 116 hubeba kilo 1,250. Tairi la saizi ileile lenye herufi LT (light truck, lori dogo) mbele na namba 123, la plai 10, hubeba kilo 1,550. Tela la kilo 3,000 likipakiwa inavyotakiwa hulaza kama kilo 300 kwenye ndoano, na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya hizo huku pua ya gari ikinyanyuka. Watu watalalamika kwamba tairi la LT ni gumu, ni zito na linakula mafuta, na kwa gari linalotembea tupu siku nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini kuna kosa baya kuliko ugumu: kulinunua kisha kulijaza upepo wa zamani. Zile kilo 1,550 hupatikana kwa paundi 80. Kwa paundi 35, tairi hilo la LT hubeba pungufu kuliko tairi la kawaida la saizi hiyohiyo.

Gharama ya kusahau upepo ilionekana Marekani. Mnamo Agosti 2000 Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, na miongoni mwake yalikuwamo yenye jina Wilderness AT. Uso ulikuwa ukibanduka kutoka kwenye mwili wa tairi, na vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilipita 200. Kampuni mbili zilirushiana lawama: Ford ilipendekeza upepo wa paundi 26, Firestone ikataka 30, na wachunguzi wa serikali wakaona kasoro kwenye mikanda ya waya. Mabishano yote yalihusu joto, mzigo, upepo na mikanda. Mwaka uleule Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozaa agizo la kuweka taa ya kuonya upepo ukipungua, na kufikia Septemba 2007 kila gari jipya dogo lililouzwa huko lilitakiwa kuwa nayo. Agizo hilo halikugusa tela. Dereva anayevuta anaonywa kuhusu matairi manne ya gari lake. Yale yanayofuata nyuma anayajua tu kwa kushuka na kupima.