Mbuga ya Mkata, Masika na Kiangazi

Mwaka 1871 Stanley, msafiri yule aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipita nchi hii wakati wa masika. Mbuga ya Mkata, ambayo yeye aliiita Makata, ilikuwa imejaa maji na matope. Wapagazi na punda wake wakataabika sana. Asomaye habari hizo hudhani hapa ni ziwa. Lakini sisi tukaao Kilosa twaijua sura yake ya pili: tangu Juni hata Oktoba mvua ni haba, nyasi hukauka kama makuti, na ardhi hupasuka.

Basi viumbe huishije? Mbuyu hupukutisha majani yake yote, usije ukapoteza maji uliyoyaweka shinani. Tembo naye aijua siri hiyo: huchubua gome kwa pembe, akatafuna nyuzi zake mbichi. Tena huchimba mchanga wa vijito vilivyokauka mpaka maji yatokeze, na wanyama wengine hunywa nyuma yake. (Ajabu, adui wa mbuyu ndiye mfadhili wa jirani zake!) Swala pala huacha nyasi, akala majani ya vichaka.

Mikumi ilifanywa hifadhi mwaka 1964. Lakini maji hayajui mpaka. Vijito viingiavyo Mkata vyaanzia milimani, penye mashamba ya watu, na huko mfereji ukifungwa mwezi wa Septemba, walio chini hawapati kitu.