Jina la Mendoza

Msomaji, ukifungua ramani ya Argentina utaona mji uitwao Mendoza, karibu na milima ya Andes. Mji huo ulianzishwa mwaka 1561, ukapewa jina la García Hurtado de Mendoza, aliyekuwa gavana wa Chile wakati ule. Lakini jina lenyewe ni kongwe kuliko mji. Asili yake ni ng'ambo ya bahari, katika kijiji kidogo cha jimbo la Álava, kaskazini mwa Hispania. Katika lugha ya Wabaski, wenyeji wa huko, mendi ni mlima na hotz ni baridi. Basi mabwana wa kijiji hicho waliitwa kwa mlima baridi kabla hawajajulikana kwa utajiri wala vyeo.

Katika karne ya 14 mabwana hao waliingia katika utumishi wa wafalme wa Castilla. Mwaka 1385 Pedro González de Mendoza aliuawa vitani Aljubarrota, ambako jeshi la Castilla lilishindwa na Wareno. Yasimuliwa kwamba alimpa mfalme farasi wake ajiokoe, naye akarudi kupigana mpaka akafa. Iwe ni kweli au ni pambo la wasimulizi, ukoo uliitunza hadithi hiyo kama johari, maana jina jema hung'ara gizani. Mjukuu wake, Íñigo López de Mendoza, alikuwa askari na mshairi pia, na mwaka 1445 alipewa cheo cha Markisi wa Santillana.

Usishangae majina yao yakitofautiana. López maana yake ni mwana wa Lope, lakini baba yake Íñigo aliitwa Diego. Siku zile mtoto wa kabaila aliweza kupewa jina la mzee yeyote aliyestahili kukumbukwa. Hivyo mwana mmoja wa Markisi aliitwa Pedro González de Mendoza, sawasawa na baba wa babu yake aliyefia Aljubarrota. Huyo alipata ukardinali, akawa mshauri mkubwa wa Malkia Isabel na Mfalme Fernando, hata akaitwa mfalme wa tatu wa Hispania.

Mwaka 1535 Antonio de Mendoza alitumwa Meksiko kuwa makamu wa kwanza wa mfalme. Katika utawala wake, mwaka 1539, mtambo wa kupiga chapa ulianza kazi katika mji wa Meksiko. Lakini ni yeye pia aliyeongoza jeshi mwaka 1541 kuzima maasi ya wenyeji katika milima ya Mixtón, na wengi waliotekwa wakafanywa watumwa. Yatupasa kuyakumbuka yote mawili.

Wenyeji wengi wa nchi hizo walipobatizwa walipewa majina ya Kihispania, pengine ya wadhamini wao wa ubatizo. Huko Ufilipino, mwaka 1849, Gavana Narciso Clavería aliamuru watu wagawiwe majina ya ukoo kutoka katika orodha. Kwa hiyo, ukikutana leo na Mendoza wa Meksiko au wa Manila, usimhesabu upesi kuwa mjukuu wa Markisi. Huenda babu yake alikuwa bwana, na huenda alikuwa mmoja wa walioshindwa, akabeba jina la mlima asiopata kuuona. Jina peke yake halitoshi kukuambia. Muulize habari za wazee wake, kisha umsikilize.