Sanaa Kongwe Juu ya Kalamu Mpya

Sanaa haifi kwa uzee wake; hufa kwa kukosa kazi. Habari za kalamu za Japani zipakwazo urushi zathibitisha neno hili.

Urushi ni utomvu wa mti ulio wa jamaa moja na mkorosho, na kama mafuta ya ganda la korosho, nao hubabua ngozi ya asiyeuzoea. Mti hungojewa miaka 10 hadi 15, hugemwa msimu mmoja ukatoa gramu 200 hivi, kisha hukatwa. Utomvu huo haugandi kwa kuanikwa juani, bali penye unyevu na joto la wastani. Kwa hiyo fundi huiweka kazi yake katika kabati lenye unyevu, akangoja kila tabaka liwe gumu ndipo apake jingine. Katika ufundi uitwao maki-e, yaani picha ya kunyunyiza, huchora kwa urushi mbichi, akanyunyizia unga wa dhahabu ukanata.

Kwa karne nyingi mafundi hao walilishwa na mabwana wakubwa. Baada ya mapinduzi ya 1868 mabwana waliondolewa katika utawala. Mwaka 1876 watu wengi wakakatazwa kuchukua panga, na kazi ya kupamba ala ikapungua. Kisha ikaja kalamu ya wino kutoka ng'ambo, ikashindana na brashi ya kuandikia, ambayo visanduku vyake vilikuwa miongoni mwa kazi bora za maki-e. Ilidhaniwa kuwa adui mwingine.

Mwaka 1918 Ryosuke Namiki na Masao Wada walianzisha kiwanda cha kalamu Tokyo. Kalamu za siku zile zilifanywa kwa ebonaiti, yaani mpira mgumu, ambayo hupauka kwa mwanga. Namiki akatafuta dawa ya ila hiyo katika urushi, akapata hataza mwaka 1925. Basi utomvu uliingia kwanza kuwa kinga, pambo likafuata. Mwaka 1926 Gonroku Matsuda, fundi wa Kanazawa, alijiunga na kiwanda. Mkataba wa 1930 na kampuni ya Alfred Dunhill ya London ukazieneza kalamu hizo Ulaya. Na mwaka 1931 kikaundwa chama cha mafundi, Kokkokai. Fundi aliweza kutia sahihi yake juu ya kalamu, mnunuzi wa mbali akalijua jina la mkono uliomtumikia. Mwaka 1955 serikali ya Japani ilimtambua Matsuda kuwa mmoja wa wahifadhi wa utamaduni wa taifa.

Wokovu huo haukuwa wa milele. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Wajima, makao mashuhuri ya urushi, na karakana nyingi zikaharibika. Karakana hujengwa upya kwa fedha. Lakini mkono uliozoea utomvu hupatikana kwa miaka ya kufundishwa, na mwanafunzi hafundishiki pasipo kazi ya kutenda. Hilo ndilo kalamu ililowapa mafundi wa Tokyo.