Vidole Viwili vya Mwenda

"Masanga", wimbo wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, hupigwa kwa vidole viwili tu. Gumba hushika nyuzi nene, kidole cha shahada hushika nyembamba, na kila kimoja kina mwendo wake. Kimoja kikienda, kingine kinajibu kabla neno halijaisha. Ukimsikia fundi wa wimbo huu akiwa chumba cha pili, utadhani wapigaji ni wawili, pengine watatu.

Mimi naufuata hapa Kisenge, usiku, majirani wakishalala. Nabana shingo ya gitaa kwa penseli na ukanda wa mpira wa baiskeli ili sauti ipande, naiweka simu juu ya kiti, napiga, nanasa, nasikiliza, nafuta, narudia. Ile iliyo afadhali nawatumia wenzangu wa Kolwezi na Likasi, nao wananitumia zao. Ndani ya rekodi hizo mna jogoo, mna mvua juu ya mabati, mna mama anayemwita mtoto aje kuoga. Makosa nayo yamo. Hata hivyo naamini kwa moyo wote kwamba hiyo ndiyo njia ambayo muziki wa Mwenda umesafiri tangu siku ya kwanza: kutoka mkono wa mtu asiyelipwa hadi mkono wa mtu asiyelipwa.

Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, akajenga ufalme wa Bayeke juu ya shaba, chumvi na pembe za ndovu, mpaka alipouawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina Mwenda lenyewe ni la ukoo huo wa kifalme. Kiswahili kilifika huku kwa njia za misafara ya biashara, kikakuta Kisanga, Kiluba, Kilunda na Kibemba, kikakaa nazo.

Kisha shaba ikapata mwenyewe mpya. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikasukumwa kwenda Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na Kolwezi, hata mwaka 1931 ikaungana mpakani Dilolo na njia ya Benguela inayoshuka mpaka bahari ya Atlantiki. Mji wetu wa Kisenge ni mtoto wa reli hiyo. Manganizi yake ilichimbwa ili ipakiwe kwenye mabehewa yaende bandari ya Lobito. Katika kambi za migodi walikutana watu wa Kasai, wa Maniema, wa Rwanda, wa Rhodesia Kaskazini, na lugha iliyowaunganisha kazini na sokoni ilikuwa Kiswahili. Mshahara ukitoka, mtu alihitaji chombo cha muziki ambacho angeweza kukibeba begani kutoka kambi moja hadi nyingine. Gitaa kavu lilifaa. Anayejua kupiga likembe, kile kisanduku cha vijiti vya chuma kinachochezwa kwa magumba, hashangai kuona vijana wa Katanga walivyolikamata gitaa: hawakulikwaruza nyuzi zote kwa pamoja, walilichomoa sauti moja moja.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alifika Jadotville na gari lililobeba mitambo ya kurekodi. Alikuwa na desturi ya kushika kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, akikisogeza karibu na ala au kinywa cha mwimbaji kadiri muziki ulivyohitaji. Aliyekaa mbele yake alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, ambaye gitaa halikuwa kazi yake ya kumlisha. Walinasa "Masanga" na nyimbo nyingine kadhaa. Mwaka huo huo "Masanga" ikapewa tuzo ya Osborn kama muziki bora wa Afrika wa mwaka, na kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikaitoa kwenye santuri. Rekodi ambayo leo tunaiheshimu kama asili ilikuwa kijana mmoja, gitaa moja na kipaza sauti kimoja. Tofauti yake na simu yangu juu ya kiti ni ustadi wa mikono, nao ni tofauti kubwa, lakini mazingira ni ya aina moja.

Upande mmoja wa santuri ya siku zile ulibeba dakika tatu hivi. Jioni nzima ya kupiga na kubadilisha ilibanwa humo. Santuri zikapanda treni, zikafika maduka ya kambi na zaidi. Aliyetaka kujifunza aliiinua sindano ya gramafoni, akairudisha nyuma, akaiinua tena, mpaka mfereji wa santuri ukaanza kukoroma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi, ambako sauti yake ilitumika redioni kutangaza vidonge vya Aspro, na ndugu yake Edouard Masengo naye akafanya makao huko kwa muda mrefu. Vijana wa magharibi ya Kenya waliwasikiliza kwa makini. Mmoja wao, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alikuwa na mtindo wake mwenyewe, lakini ukisikia gumba lake na ile chupa ya soda inayogongwa kwa chuma pembeni, unajua kwamba hewa ya Katanga ilipita hapo.

Ukanda wetu haukuwa na muziki wa gitaa peke yake. Elisabethville alikuwako Joseph Kiwele, mtunzi wa muziki wa kanisa, aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, akawa waziri wa elimu katika serikali ile, akafariki mwaka 1961. Kamina, padri Guido Haazen na kwaya yake walitoa Missa Luba mwaka 1958, wakazunguka nayo Ulaya. Kazi hizo zilikuwa na kwaya, padri na jengo la kuzitunza. Wimbo wa Mwenda haukuwa na jengo. Ulikuwa na wasikilizaji waliokuwa na gitaa nyumbani.

Na hapo ndipo Mwenda alipoanza kusahauliwa. Magitaa ya umeme ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa bendi kamili na redio yenye nguvu, yaliteka masikio ya nchi nzima. Mtu mmoja na gitaa kavu akaonekana ni mambo ya wazee. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, lakini mitaa ya kwao ilikuwa ikicheza rumba. Katanga ikaitwa Shaba mwaka 1971. Amri ya Rais Mobutu ikaondoa majina ya ubatizo, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1975 vita vya Angola vikakata njia ya Lobito, na manganizi ya Kisenge iliyokwisha kuchimbwa ikabaki imerundikwa, ikinyeshewa mvua mwaka baada ya mwaka. Walioishi hapa wanajua ukimya wa mji ambao treni yake haiji.

Wakati sisi tumenyamaza, wengine walikuwa wakihesabu nyuzi. David Rycroft, mtaalamu wa London, alikuwa amechapisha uchambuzi mrefu wa upigaji wa Mwenda mwaka 1961 na 1962, akiandika nota kwa nota jinsi wimbo mmoja ulivyobadilika mzunguko hadi mzunguko. John Low alisafiri Shaba mwaka 1979 kuwatafuta Mwenda, Masengo na mpiga gitaa mwenzao Losta Abelo, akaandika kitabu cha safari hiyo. Elijah Wald, mpiga gitaa wa Marekani, alikuja Lubumbashi kujifunza kwa wazee wenyewe. Nawashukuru, kwa kuwa bila wao vidole vyangu vingekosa mambo mengi. Ila inanichoma kwamba mtoto wa Kolwezi akitaka kujua gumba la Mwenda linakwenda wapi, mara nyingi hulipata kwanza kwa mgeni aliyelinasa akiwa sebuleni kwake ng'ambo, kabla hajalipata kwa mtu wa mtaa wake. Ndiyo maana tunarekodi na kupeana. Sitaki wimbo huu urudi kwetu kama kitu cha makumbusho.

Kuna wanaosema rekodi mbaya ni bora isitolewe, kwamba inamdhalilisha bwana mkubwa. Nimelifikiria sana neno hilo, na nalikataa. Mwenda mwenyewe hakuwa na "Masanga" moja. Mwaka 1988, akiwa na miaka 58, aliingia studio Cape Town na kuzirekodi tena nyimbo zake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1990, alikufa kwa ajali ya gari nchini Zambia. Isikilize kazi ile ya uzeeni, kisha urudi kwenye santuri ya 1952. Yule kijana anakimbia, nyuzi nyembamba zinamwagika kama shanga zilizokatika uzi. Yule mzee anatembea. Gumba limekuwa zito, linasubiri, na sauti nyingine ambazo kijana alizitupia kwa haraka, mzee anazipa nafasi ya kulia mpaka mwisho. Mwanafunzi akiuliza ipi ndiyo sahihi, siwezi kumtajia moja tu kati ya hizo mbili.

Juzi nilituma mzunguko ambao nilikuwa nimeufanyia kazi kwa wiki tatu. Kutoka Likasi likaja jibu la sauti. Hakukuwa na salamu wala neno. Alipiga kipande changu kama nilivyokipiga, pamoja na lile kosa la gumba langu kuchelewa kabla ya kurudi mwanzo. Kisha akakirudia akiliweka lile gumba mahali pake. Halafu mara ya tatu akalichelewesha tena, safari hii kwa makusudi, akaijaza ile nafasi kwa sauti mbili ndogo za kidole cha shahada ambazo sijazisikia katika rekodi yoyote. Nimeibana tena shingo ya gitaa. Sauti ya kwanza kati ya zile mbili nimeipata, ya pili bado naitafuta.